Tembo Si wa Wageni Peke Yao

Ndugu msomaji wa Mabibo, je, mwanao amemwona tembo? Labda amemwona kwenye noti ya shilingi 10,000. Noti haina mkonga unaovunja matawi.

Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, iko mkoani Morogoro. Barabara ya Iringa inapita ndani yake. Abiria wa basi huweza kumwona tembo dirishani. Ukiingia hifadhini, raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni.

Harusi tunazichangia kila mara. Kwa nini tusichangie safari ya watoto?

Tusingoje. Mwaka 1976 tembo wa upande wa Selous na Mikumi walikuwa zaidi ya 100,000. Mwaka 2013 walihesabiwa 13,084. Majangili waliwaua wengi kwa ajili ya pembe.