Kidonge cha Insulini Kitakula Insulini Kiasi Gani?

Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza huchomwa sindano mara tatu, nne kwa siku, na hana likizo. Mama hupindua chupa, huvuta dawa, hugonga bomba kwa ukucha ili mapovu yapande, kisha hutafuta sehemu ya tumbo au paja ambayo bado haijawa ngumu kwa kuchomwachomwa. Nyumba kama hiyo ikisikia habari za insulini ya kumeza, lazima isimame kuzisikiliza. Ndiyo maana tusiwape matumaini ya juujuu.

Insulini ni protini, na tumbo limeumbwa kumeng'enya protini. Ukiimeza hivi hivi, asidi na vimeng'enya huikatakata kama nyama ya mchana. Itakayosalimika ni molekuli kubwa, haipenyi kirahisi ukuta wa utumbo. Hapo ndipo zinapoingia polima zinazoozea mwilini, za kuifunika insulini njiani. Zipo za asidi laktiki na glikoliki, jamaa ya nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka zenyewe. Ipo pia kitosani, itokanayo na maganda ya kamba na kaa, ambayo hunata kwenye ute wa utumbo na kulegeza kwa muda maungio ya seli. Mwaka 1997 Edith Mathiowitz na wenzake walionyesha, katika jarida la Nature, chembe za polima zikivuka utumbo wa panya. Na faida si kuepuka sindano tu: insulini inayopitia utumboni hufika kwanza kwenye ini, kama ile ya kongosho.

Kwa binadamu mambo yamekuwa magumu. Mwaka 2019 Novo Nordisk walichapisha matokeo ya kidonge chao, kilichotumia chumvi ya asidi ya mafuta badala ya polima. Kilishusha sukari sawa na sindano ya insulini aina ya glajini. Lakini kilihitaji insulini makumi ya mara zaidi, na kampuni ikakiacha. Januari 2023 kidonge cha kampuni ya Oramed nacho kilishindwa katika jaribio la awamu ya tatu.

Kwangu swali kuu ni hiyo insulini inayopotea, kwa sababu tayari ni haba. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya wenye kisukari cha aina ya pili wanaohitaji insulini hawaipati, na kampuni tatu zinashika zaidi ya asilimia 90 ya soko. Kidonge kinachopoteza makumi ya dozi ili moja ifike kwenye damu hakiwezi kuitwa dawa ya uhaba. Tena kiasi kinachofika kikibadilika kwa sababu ya mlo, leo sukari haishuki, kesho inashuka hadi mtu anazirai.

Kwa hiyo kila polima mpya ipimwe kwanza kwa mambo mawili: asilimia inayofika kwenye damu, na kama asilimia hiyo haiyumbi. Utafiti uendelee, nauunga mkono kwa dhati. Ila wizara yoyote isipunguze hata shilingi moja ya chupa, sindano na vipande vya kupimia sukari kwa kungojea kidonge.