Usimnunulie mwanao kila kitabu cha udaktari

Iwapo mwanao anasomea udaktari na zamu yake katika wodi ya magonjwa ya ndani imefika, bila shaka amekwisha kukuomba pesa za Harrison. Kitabu hicho, kilichotolewa mara ya kwanza Marekani mwaka wa 1950, ni hazina. Lakini ni kinene mno, na aliyebakisha majuma machache kabla ya mtihani hatakimaliza. Na akisome maktabani.

Mimi ningemnunulia viwili tu. Davidson, kilichoanzia Edinburgh mwaka wa 1952, chatosha kwa ugonjwa na tiba. Cha pili ni Hutchison, ambacho tangu 1897 kimewafunza madaktari jinsi ya kumpima mgonjwa. Hiki wengi hukipuuza, ilhali mtahini humpeleka mwanafunzi kitandani na kumwambia apapase wengu, au agonge kifua atafute maji. Hapo kukariri hakumfai kitu.

Vya mitumba je? Hutchison kikuukuu hakina neno, wengu haujahama. Lakini kitabu cha tiba kilichopitwa na wakati ni hatari. Klorokwini iliacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini Kenya mwaka wa 1998, na iliyochukua nafasi yake nayo ikaondolewa katika sera ya 2004. Anayejibu kwa kitabu cha kale atafeli. Akiwa daktari, mgonjwa wake huenda akafa. Tazama mwaka wa toleo kabla ya kulipa, kisha umwambie atafute pia miongozo ya Wizara ya Afya.