Mwanasesere Si Hirizi

Muhula uliopita mwenzangu wa chumbani aliinama kutafuta ndala chini ya kitanda changu, akavuta boksi la viatu. Ndani yake kulikuwa na mikono miwili, miguu miwili, kiwiliwili na kichwa kisicho na nywele, vyote vya udongo, vimefungwa kwenye vipande vya khanga. Hakupiga kelele. Alirudisha kifuniko taratibu, kisha akaniuliza, "Dada, hivi ulisema kwenu ni wapi vile?"

Kwetu ni Sumbawanga. Hilo jibu lilimaliza kesi. Kufika jioni korido nzima walikuwa na habari, na mmoja alikuja kuniomba nisimkasirikie kwa sababu ana mtihani Jumatatu. Tulicheka wote. Na mimi nilicheka, maana mtu wa Sumbawanga anajifunza mapema kuuchekea utani wa radi na ungo hata kabla haujaisha. Leo nataka kusema kile ambacho siku ile nilikimeza.

Kilichokuwa kwenye boksi ni mwanasesere ambaye bado sijamuunga. Kila kiungo kina sehemu mbili: upande mmoja tufe, upande wa pili kikombe kinacholipokea. Vipande vyote vina uwazi ndani. Unapitisha lastiki kutoka kichwani mpaka miguuni, unaikaza, na mvuto wake ndio unaomfanya asimame, akae, ainue mkono na kubaki hivyo hivyo. Lastiki ikilegea, anaanguka. Tufe likiwa kubwa kidogo kuliko kikombe, bega haligeuki. Na udongo ukikauka na kuchomwa husinyaa: kipande changu cha sentimita 10 hutoka motoni kikiwa karibu 9. Lazima upige hesabu hiyo kabla hujaanza. Nimevunja mikono mingi kuliko niliyofanikiwa. Kama huo ni uchawi, basi ni uchawi wa rula na msasa.

Wanaoifanya kazi hii kwa kiwango cha juu duniani wanatumia kauri. Marina Bychkova, msanii mzaliwa wa Urusi anayeishi Kanada, amejijengea jina kwa wanasesere wa kauri wenye viungo vya namna hii. Kauri inataka kaolini, udongo mweupe ambao hapa nchini upo Pugu, na inataka joto la nyuzi 1,200 na zaidi. Moto wangu wa kuni haufiki huko, na bumu halinunui tanuri. Lakini Wagiriki wa kale, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, walifinyanga wanasesere wa udongo wa kawaida wenye mikono na miguu inayochezeshwa. Hata hapa kwetu Wasukuma wamechonga sanamu za mti zenye viungo vinavyocheza, za kutumia kwenye ngoma. Kwa hiyo sisubiri kauri ndipo nianze.

Na joto lenyewe halikuwa geni Ufipa. Mababu zetu walijenga malungu, matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Humo waliyeyusha mawe wakapata chuma cha majembe, kazi inayotaka zaidi ya nyuzi 1,100. Sikatai, waliweka dawa na walishika miiko. Lakini walijua pia udongo gani haupasuki, mkaa kiasi gani unatosha na hewa ipite wapi. Sisi wajukuu zao tumekumbuka dawa, tukasahau hesabu. Ukitaja Sumbawanga mbele ya watu kumi, wangapi watataja tanuri la chuma? Na jina lenyewe, kama tunavyosimuliwa nyumbani, maana yake ni "tupa uchawi".

Mtasema ni utani tu, dada, punguza hasira. Sawa. Ila nchi hii imezika bibi zetu waliouawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kisa macho mekundu ya moshi wa jikoni. Utani wa korido haujamuua mtu. Umezoesha masikio, basi. Na kwangu mimi ulifanya kazi nyingine, ambayo naona aibu kuisema.

Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa Biolojia, mada ya mwendo. Bega linazunguka kwa sababu kichwa cha mfupa ni cha mviringo na kinakaa kwenye kikombe. Kiwiko kinakunjika upande mmoja tu, kama bawaba. Nilikuwa naye kwenye begi mwanasesere mzima anayeonyesha vyote viwili. Siku ya kukaguliwa nikamwacha humo humo. Niliogopa mwanafunzi mmoja aseme neno, na mkaguzi aulize kwetu ni wapi. Nikabandika mchoro wa manila. Nikapata alama nzuri. Watoto wakanakili mchoro, na binti mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, sasa hili linazungukaje?" Nikamwambia atazame tena mchoro.

Jibu lilikuwa kwenye begi langu.

Ndiyo maana naandika. Sisi tunaosomea ualimu tunalalamika kwamba shule hazina zana za kufundishia, halafu tunaionea aibu mikono yetu wenyewe. Mtaala ulioboreshwa unataka mtoto atende, siyo akariri tu. Atatendaje kama mwalimu wake hajawahi kushika udongo tangu darasa la tatu? Napendekeza jambo dogo: kila anayekwenda mazoezini atengeneze kwa mkono zana moja inayocheza, inayofunguka, ambayo mwanafunzi anaweza kuishika na hata kuivunja. Akiivunja, muiunge pamoja. Hilo nalo ni somo.

Mimi nimeshamuunga yule wa kwenye boksi. Sasa hivi amekaa juu ya meza yangu, mguu mmoja umekunjwa. Mwenzangu wa chumbani wiki iliyopita alimwinua mkono, akaushusha, akauinua tena. Kisha akaniuliza lastiki naipitishaje.