Goti la Kijana na Shamba la Mikorosho

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, mzee mmoja wa hapa Nakapanya aliijia kamati ya msikiti kutaka ushauri. Mwanawe aliumia uwanjani: aligeuka ghafla akikimbia, goti likalia, na kabla ya Magharibi lilikuwa limefura. Daktari amesema kano ya mbele imekatika. Mzee alikuwa tayari kuuza shamba la mikorosho ili ampeleke Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, akapasuliwe. Tulimwomba asubiri.

Kano hiyo huzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele. Ikikatika kabisa, ni nadra kuungana vema, na daktari naye kwa kawaida haishoni. Huchukua kano nyingine ya mgonjwa, mara nyingi ya nyuma ya paja, akaipandikiza mahali pake. Hata hivyo wako wanaoishi bila kano hiyo, misuli ya paja ikiimarishwa kwa mazoezi. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010 ulihusu vijana 121 walioumia karibuni. Waliotangulizwa mazoezi walikuwa 59, na katika miaka miwili 23 tu kati yao ndio waliopasuliwa. Hali ya makundi yote mawili ilikaribia kuwa sawa.

Goti lililoumia zamani na bado linamwacha mtu njiani lina hukumu nyingine. Uingereza, mwaka 2022, wagonjwa 316 wa namna hiyo walichunguzwa, na waliopangiwa upasuaji walipata nafuu zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, goti linamponyoka anaposhuka ngazi au anapogeuka na mzigo? Fedha ni swali la pili. Ama goti lililokwama lisinyooke, au mguu ukifa ganzi au kupoa, hapo hakuna kusubiri miezi. Arudishwe hospitali haraka. Na kulichua kwa nguvu goti lililovimba, desturi tuliyoizoea, mimi siioni faida yake.

Mzee alidhani upasuaji humaliza kazi. La. Aliyepasuliwa naye hufanya mazoezi yaleyale, na kurudi uwanjani huhitaji takriban miezi tisa. Asiye na nafasi wala subira ya mazoezi atakuwa ameuza shamba bure.

Kijana mwenyewe alikuwa na jambo moja tu: aliona haya kuswali kitini mbele ya wenzake. Tulimkumbusha kuwa Mtume (s.a.w.) alimruhusu Imran bin Husayn, aliyekuwa mgonjwa, aswali ameketi asipoweza kusimama. Sasa kiti chake kiko mwisho wa safu.

Ameanza mazoezi aliyofundishwa hospitali. Tumekubaliana miezi mitatu. Goti likiendelea kumponyoka, kamati itafungua mchango wa safari, na mikorosho ibaki.