Ufundi wa kukausha ndege ufunzwe shuleni

Kila nilipowapeleka wanafunzi wangu wa Baiolojia kutoka Bungoma hadi Makavazi ya Kitale, waliganda mbele ya ndege waliokaushwa na kuniuliza: "Mwalimu, huyu alitengenezwaje?" Nasema swali hilo lijibiwe kwa vitendo.

Msingi upo. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekusanya wadudu na ndege, alianzisha makavazi yake binafsi mwaka wa 1926. Alipofariki mwaka wa 1966, aliachia taifa mkusanyiko huo na pesa za kujengea jumba lililofunguliwa Kitale mwaka wa 1974.

Mwanafunzi aanze na njiwa wa kufugwa aliyekufa kwa ajali, si kwa ugonjwa. Avae glavu. Apasue ngozi pekee katikati ya kidari, asitoboe tumbo. Aichune polepole kwa vidole huku akinyunyiza unga wa mahindi. Unga hufyonza damu na mafuta yasichafue manyoya. Fuvu na mifupa ya mbawa na miguu hubaki. Nyama, macho na ubongo hutoka. Ngozi ipakwe boraksi kwa ndani kuzuia wadudu. Kiwiliwili kipya kisukwe kwa nyasi kavu na uzi, kilingane na kile kilichotolewa, kisha waya zikishikanishe na shingo na miguu. Ashone, atie macho ya kioo, alaze manyoya na kumwacha ndege akauke. Mwisho afunge kibandiko mguuni: aina, mahali, tarehe. Pasipo kibandiko, hilo ni pambo tu.

Wanyamapori wasiguswe. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977, na kumiliki hata ngozi yao bila kibali ni kosa. Ukikuta bundi amegongwa na gari barabara ya Kimilili, wajulishe Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Ufundi wenyewe si mgeni kwetu: mtaa wa Zimmerman jijini Nairobi una jina la Mjerumani aliyekuwa na karakana kubwa ya kukausha wanyama waliouawa na wawindaji. Zamani ufundi huu ulipamba kuta za matajiri. Sasa uwafae watoto wetu. Mtaala wa umilisi (CBC) unahimiza vitendo. Nawaomba wasimamizi wa Makavazi ya Kitale na maafisa wa elimu wa Bungoma na Trans Nzoia waketi pamoja, waandae mafunzo ya likizo, na waanze na walimu.