Kabla ya kuuza mashine ya zamani kwa kilo, soma kibati chake

Juma lililopita nilipita kwenye parsele moja hapa Kasungami, nikakuta watu wamesimama mbali na akina mama wameshika watoto kwa mkono. Katikati ya uwanja kulikuwa na kitu cha chuma, kirefu na cha mviringo, kimelala juu ya vyuma viwili vya kuteleza. Mama mmoja aliyefika huku akikimbia vita na watoto wake alikuwa amesema: “Hilo ni bomu.” Hakuna aliyemcheka. Aliyeona vita ana haki ya kuogopa chuma asichokijua.

Mwenye parsele, mzee wa zaidi ya miaka 80, akatoka na fimbo yake. “Wanangu, hii ni aspirateri. Inavuta vumbi. Mimi ndiye nimeileta inje, nataka kuiuza.”

Kumbe mnunuzi alikuwa amekwisha kufika. Kijana na mizani yake, amekaa chini ya mwembe. Bei yake ni moja: kwa kilo, kama anavyonunua bati lililotoboka.

Ndugu wasikilizaji, mimi sisemi watu wasiuze. Njaa ni njaa, na watoto wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya feza ya shule. Baada ya mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoondoka kazini, nyumba ngapi hapa Lubumbashi hazikuuza vyombo kimoja kimoja ili kula? Ninalosema ni hili: tusiuze tusichokijua. Anayenunua anajua, anayeuza hajui. Hapo ndipo tunapopoteza.

Tulifuta vumbi kwa kitambaa, kibati kikaonekana: Electrolux, Sweden. Kampuni hiyo ilichukua jina hilo mwaka 1919, chini ya Axel Wenner-Gren. Mwaka 1921 ilitoa mashine iliyoitwa Model V, ambayo ililala sakafuni na kuteleza nyuma ya mtu anayefanya usafi. Kampuni nyingine nyingi zikafuata umbo hilo. Basi yule mama hakukosea sana: mashine hizo kweli zinafanana na bomu, na zimefanana hivyo kwa miaka 100.

Mashine za kwanza za mota hazikuingia nyumbani. Mwaka 1901, huko Uingereza, Hubert Cecil Booth alitengeneza moja kubwa sana, ikavutwa na farasi. Ilisimama barabarani, mabomba yakapitishwa madirishani. Mwaka 1907, katika mji wa Canton huko Marekani, mfagiaji wa duka moja, James Murray Spangler, alichoka kukohoa kwa sababu ya vumbi. Akachukua mota ya feni, mti wa ufagio na foronya ya mto, akaunda mashine ndogo. Mwaka 1908 haki zake zikaenda kwa William Hoover, mfanyabiashara wa ngozi. Leo dunia nzima inajua jina Hoover. Jina la mfagiaji wanalijua wachache.

Mzee aliposikia habari hiyo akatikisa kichwa. Yeye alikuwa boyi katika nyumba ya Mzungu, wakati mji huu ungali unaitwa Elisabethville. Miaka mitatu alisukuma mashine hiyo juu ya mazulia ambayo hakuruhusiwa kukaa. Mwaka 1960 bwana wake aliondoka haraka, akamwachia mashine badala ya mshahara wa miezi miwili. Alipokwenda kuishi hapakuwa na kuranti. Hakuichomeka hata siku moja.

Hiyo ndiyo sababu naona kilo si kipimo cha haki. Ndani ya chuma kile mna miezi miwili ya jasho la mtu.

Sasa, kama una mashine ya zamani nyumbani, iwe aspirateri, pasi, redio au cherehani, fanya hivi. Igeuze, utafute kibati au maandishi. Kama muuzaji wake ameandika “Elisabethville”, iliuzwa kabla ya mwaka 1966, maana ndipo jina la mji lilipobadilishwa. “Zaïre” ni kati ya 1971 na 1997. “Made in West Germany” ni kati ya 1949 na 1990, Ujerumani ilipokuwa mbili. Herufi D.R.P. ni za Ujerumani ya kabla ya mwisho wa vita vya 1945. “S.G.D.G.” ni alama ya Ufaransa iliyoachwa mwaka 1968. Cherehani ya Singer ina namba juu ya chuma chake: ikianza na Y au F, ilitoka kiwanda cha Clydebank, Scotland, ikianza na G, ilitoka Elizabeth, Marekani.

Tazama pia volti. Ikiandikwa 110 au 120, usiichomeke kwenye kuranti yetu ya 220, itaungua. Na waya uliofunikwa kwa kitambaa kilichooza unaweza kuua. Mwite fundi kwanza.

Nanyi ndugu mliokimbia vita: kama chuma hukijui na hakuna mwenyewe wa kukieleza, usikiguse, ita viongozi wa kartie. Yule mama alifanya vema kuwazuia watoto.

Lakini tusidanganyane. Aspirateri nyingi za zamani si dhahabu. Zilitengenezwa kwa wingi mno. Akija mtu kukuambia yako ni ya kwanza duniani, akitaka umpe feza akutafutie mteja Ulaya, mfukuze. Faida ya kusoma kibati ni ndogo lakini ni ya kweli: mota nzima, gurudumu zima, waya wa shaba, fundi anaweza kuvilipa kuliko mizani. Na wewe unazungumza bei ukiwa umesimama, si ukiwa umepiga magoti.

Siku ile mzee hakuuza. Kesho anaweza kuuza, ni haki yake. Alichotuomba ni kimoja: wajukuu waandike kwenye daftari jina lake, mwaka 1960, na miezi miwili ambayo hakulipwa. Mjukuu wa miaka 12 ameandika. Kibati kina jina la kampuni. Daftari sasa lina jina la aliyesukuma.