MALI BILA DAFTARI: BUNDUKI, VILALO NA SISI

Wananchi wa Kasongo na wa Kabambare, ndugu wachimbaji, mama zetu wa sokoni, na ninyi vijana wa kinga mnaosukuma mizigo ya watu tangu alfajiri: leo tunataka kusema juu ya fedha za vita.

Tunajua neno hili ni zito. Wakati adui yuko ndani ya nchi, mtu anayeuliza bei ya risasi huitwa msaliti mara moja. Sisi si wasaliti. Mwandishi wa maneno haya ni karani wa mgodi. Kazi yake kila jioni ni kuandika kilichoingia na kilichotoka, na mkubwa akiuliza, kufungua kitabu na kuonyesha. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Tunaomba daftari, basi.

Kwanza tuseme lililo kweli. Vita hii si mchezo, wala si sisi tulioiita. Tarehe 27 Januari 2025 watu wa M23, wakisaidiwa na jeshi la Rwanda, waliingia Goma. Katikati ya Februari walishika Bukavu. Tarehe 4 Desemba ya mwaka ule marais wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mapatano kule Washington, na kabla ya wino kukauka M23 wakaingia Uvira. Uvira si nchi ya mbali kwetu. Ukitoka Kabambare kuelekea jua linakotoka unaingia Fizi, na kutoka Fizi njia ya ziwa inapanda mpaka Uvira. Wengi wetu tuna ndugu kule.

Kwa hiyo hakuna mtu mwenye akili atakayesema nchi ikae bila askari. Mwaka 2025, Leta ilipotangaza kwamba mishahara ya askari na polisi itaongezwa mara mbili, sisi tulifurahi. Askari asiyelipwa hula kwa mwanakijiji, na kuku wa vijiji vyetu wanaijua habari hiyo kuliko wabunge.

Lakini tutazame hesabu. Kule Sweden iko taasisi iitwayo SIPRI, ambayo kazi yake ni kuhesabu fedha za silaha za dunia nzima. Imeandika kwamba mwaka 2023 Kongo yetu ilipandisha matumizi ya jeshi kwa asilimia 105, yaani zaidi ya mara mbili kwa mwaka mmoja, yakafika dolari milioni 794. Mwaka ule hakuna nchi nyingine duniani iliyopandisha kwa kiasi hicho.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya nyingine. Leta ilifanya mpango wa maendeleo kwa teritwari zote 145 za nchi: masomo, vituo vya afya, ofisi, barabara za vijijini. Mpango huo ulikadiriwa dolari bilioni 1.66. Gawanya kwa 145, utaona kila teritwari inapata kama dolari milioni 11 na nusu. Maana yake, fedha za jeshi za mwaka ule mmoja zingetosha mpango wa teritwari karibu 70. Maniema yetu yote ina teritwari saba tu: Kabambare, Kailo, Kasongo, Kibombo, Lubutu, Pangi na Punia.

Hatusemi fedha za jeshi zichukuliwe zote zikajengee masomo. Tunauliza zilinunua nini. Kwa maana zilipandishwa mwaka 2023, na Goma ikaanguka mwaka 2025. Fundi akipewa misumari mara mbili, kisha nyumba ikaanguka, mwenye nyumba ana haki ya kuuliza misumari iko wapi. Kuuliza hivyo si kumpenda mwizi aliyekuja kubomoa ukuta.

Tuwaeleze jambo moja tulilolishuhudia. Katika mvua za miaka hii hii, mke wa mwenzetu wa kazini alishikwa na uchungu usiku, katika kijiji kimoja upande wa Kabambare. Mkunga aliona mtoto amelala vibaya, akasema apelekwe hospitali. Hakuna motokari. Wakamfunga juu ya kipoyi, wanaume wanne wakabeba, wanne wakafuata kupokezana. Alfajiri wakafika mtoni. Kilalo cha magogo kilikuwa kimechukuliwa na maji tangu juma lililotangulia. Wakangoja maji yashuke mpaka saa nane za mchana. Mama alipona. Mtoto alizikwa ng'ambo ile, kwa sababu hawakuweza kumrudisha. Mwenzetu alirudi kazini siku ya tatu, akakaa mezani, akauliza swali moja: magogo mapya na misumari ya kilalo kile ni bei gani? Tukapiga hesabu pamoja. Haikufika bei ya sanduku chache za risasi.

Hatukumpa jibu, maana hatukuwa nalo.

Na jambo hili ni aibu zaidi kwa Kasongo kuliko mahali pengine. Katika miaka ya 1970 waganga wa hapa, pamoja na wenzao wa shule ya magonjwa ya nchi za joto ya Antwerp, walipanga afya ya Kasongo kwa namna iliyojulikana dunia nzima: vituo vidogo karibu na watu, na hospitali moja ya kupokea wanaoshindikana vituoni. Waganga wa nchi nyingi wamesoma habari za Kasongo. Lakini mpango huo una mguu mmoja ambao bila huo hausimami, nao ni njia kati ya kituo na hospitali. Dunia imejifunza kwetu, na sisi wenyewe tunabeba wagonjwa mabegani.

Wengine watatujibu: kwanza tushinde vita, barabara baadaye. Neno hilo si geni masikioni mwetu. Wakati wa waasi Simba, mwaka 1964, tuliambiwa baadaye. Wakati wa vita iliyoanza mwaka 1998, treni ya Kindu ilikatika, watu wa Kasongo wakakosa chumvi na sabuni, tukaambiwa baadaye. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wana watoto, na baadaye yenyewe haijafika.

Tena sisi tunasema barabara si kitu cha kungoja mwisho wa vita, kwani barabara yenyewe ni sehemu ya ulinzi. Kutoka Kindu mpaka Kasongo ni zaidi ya kilomita 200, na kutoka Kasongo mpaka Kabambare ni zaidi ya 100. Habari mbaya ikitoka upande wa Fizi, askari watapita wapi? Mvua ikinyesha, lori la jeshi hukwama katika tope lile lile linalokwamisha lori la mpunga. Ndege haiwezi kushuka kila kijiji. Bunduki nzuri iliyokaa Kindu haimwogopeshi mtu aliye msituni Kabambare. Anayetaka kulinda nyumba huanza kwa kufyeka njia ya kuifikia.

Na liko jambo la vijana. Mgodi wa dhahabu wa Namoya ulianza kazi ya biashara Januari 2016. Septemba 2018 kazi ikasimamishwa, kwa sababu ya mapigano ya Salamabila. Mishahara ikakatika, na mama mwuza sombe akakosa mnunuzi. Watu wa Mai-Mai waliopigana pale walidai faida ya mgodi kwa wenyeji. Hatuwatetei hata kidogo, kwani sisi ndio tuliowaogopa njiani. Lakini mwenye akili hujiuliza: kijana asiye na masomo ya ufundi, asiye na njia ya kupeleka mpunga wake sokoni, anayeona dhahabu ikipita juu ya kichwa chake, anangoja nini ili mtu ampe bunduki? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leta inalipa leo kwa risasi deni ambalo ingelilipa jana kwa vilalo.

Baba na babu zetu wanaijua hesabu hii. Majeshi ya Wabelgiji yalipoingia Tabora Septemba 1916, askari wa Kongo ndio waliotangulia, na katika vita ile wapagazi wa Kongo zaidi ya 200,000 walibeba mizigo. Vita ya pili ilipokuja, na Japani ikashika Malaya yenye bati, bati ya Maniema ikawa mali kubwa. Mwaka 1942 Wabelgiji wakapandisha kazi ya lazima vijijini kutoka siku 60 kwa mwaka mpaka 120, wakisema ni kwa ajili ya vita. Mpira wa msituni, mpunga, madini, vyote vilitoka kwa mgongo wa mtu. Hatuzisifu barabara za wakati ule, zilizolimwa kwa kiboko. Tunakumbusha tu kwamba vijiji viliandikwa katika kitabu siku ya kubeba, na siku ya kugawa kitabu kikafungwa. Hiyo ilikuwa Leta ya wageni. Je, Leta ya wenyewe itatumia kitabu kile kile?

Kutoka Kasongo kwenda Kabambare, mpaka ziwa na Ujiji, ndiyo njia ambayo katika siku za Tippu Tip watu wetu walipitishwa wakiwa na minyororo shingoni na pembe mabegani. Leo tunaipita tuko huru, lakini tunaipita tukisukuma kinga, mzigo kilo mia na zaidi, mafuta ya ngazi kwenda, chumvi na nguo kurudi. Uhuru wa mwaka 1960 ulitolea shingo mnyororo. Mgongo bado unangoja.

Sasa tunataka nini? Tuseme wazi, ili mtu asije akatuwekea maneno mengine kinywani.

Kwanza, wabunge wetu waende Kinshasa kuuliza hesabu ya fedha za vita. Siri za mapigano zibaki siri; hatuombi kujua kikosi kiko mlima gani. Lakini bei iliyolipwa, idadi ya askari wanaolipwa, na kama posho imemfikia aliye mstari wa mbele, hizo si siri kwa Bunge wala kwa Mahakama ya Hesabu. Anayefaidika na siri hiyo si askari wetu.

Pili, mrabaha wa migodi usomwe mbele ya watu. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 iko wazi. Dhahabu hulipiwa asilimia 3.5. Katika fedha hiyo, asilimia 50 ni ya Leta kuu, 25 ni ya jimbo, 15 ni ya sekta, chefferie au mji penye mgodi, na 10 ni ya mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inayochimba hutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Ndugu wachimbaji, shikeni hesabu hizi kichwani kama mnavyoshika siku ya mshahara. Fedha ikifika, ibandikwe mlangoni pa ofisi: imeingia kiasi hiki, imejenga kitu hiki. Isipofika, vilevile ibandikwe.

Tatu, jeshi lina mafundi wake wa ujenzi. Waletwe na mashine zao, wafungue barabara ya Kindu, Kasongo na Kabambare, wajenge vilalo vya chuma mahali pa magogo. Hiyo itakuwa fedha ya vita na fedha ya amani kwa pamoja. Vijana wetu wapewe kazi pale kwa mshahara, si kwa salongo ya kulazimishwa. Siku askari atakapoonekana na sepetu karibu na kijiji, na mama akapita juu ya kilalo alichojenga, jeshi litakuwa limepata marafiki wasionunuliwa dukani.

Mwaka 1953 Rais Eisenhower wa Marekani, naye alikuwa jenerali aliyeongoza majeshi makubwa vitani, aliwaambia watu wake kwamba kila bunduki inayotengenezwa ni kama chakula kilichoibwa kwa mwenye njaa. Ikiwa jenerali aliyeshinda vita aliona hivyo, karani wa mgodi asionewe ajabu.

Wananchi, tutalipa kodi, na ikitakiwa watoto wetu wataenda kulinda nchi, kama wengine walivyokwisha kwenda wasirudi. Kwa ajili yao hasa tunauliza. Mwenzetu yule bado anakaa mezani kwake, na karatasi ya hesabu ya kilalo ameiweka ndani ya kitabu chake. Mbunge atakapokuja kuomba kura Kasongo au Kabambare, tumpe karatasi ile mkononi kabla ya kumpigia ngoma, aisome mbele yetu, atuambie lini.